Wapulizaji Hawaamkiwi

Mji ule haukuwahi kusikia kimya. Usipite haraka hapo, msomaji, maana wewe umezoea kimya chako cha bure: unafunga dirisha, unazima redio, unakipata. Wenyeji wa mji ule hawakuwa nacho hata cha kuonja. Sauti ya zumari ilitoka juu ya shule, kwenye ukumbi ulioitwa Darini, ikashuka juu ya mabati, ikaingia vyumbani, ikakaa masikioni mwa watu tangu wakiwa matumboni mwa mama zao. Ilikuwa sauti moja, haipandi wala haishuki, na mwanzo wake hakuna aliyeukumbuka. Kwa kuwa haikuwahi kuacha, hakuna aliyeisikia. Ukimwuliza mtu sauti hii ni ya nini, atakutazama juu mpaka chini kisha akuulize, sauti ipi? Wale waliojidai kufikiri waliiita Hali. Walisema Hali ndiyo inayoshikilia mapaa, ndiyo inayolisukuma jua, na kwamba ikikatika kila kitu kitaganda pale kilipo, kijiko nusu ya njia kuelekea kinywani. Nani aliwaambia? Waliambiwa shuleni. Na shule ilijuaje? Hapo ndipo kila mtu alipokumbuka kwamba ameacha chungu mekoni.

Hali ilihitaji mapafu, na shule ilikuwapo kwa ajili ya kuyatafuta. Watoto walifundishwa kusoma na kuhesabu pia, lakini kijuujuu, ili wazazi wasinung'unike. Somo lenyewe lilikuwa zumari. Mwanafunzi alianza kwa kikombe cha maji na bua la jani la mpapai. Alipuliza ndani ya bua, mapovu yakatoka majini, na kazi yake ilikuwa moja tu: mapovu yasikatike. Ujanja wote umo mashavuni. Unayajaza hewa, unaisukuma itoke kidogo kidogo, na papo hapo unaiba hewa nyingine kwa pua. Kinywa kinatoa huku pua inaingiza, na kifua hakipati nafasi ya kuuliza kinachoendelea. Aliyeliweza bua alipewa zumari lenyewe, la mti mweusi, lenye kisahani cha bati cha kuegemeza midomo na ulimi mwembamba wa ukindu uliotakiwa kulowa mate kabla haujakubali kulia.

Mize hakuliweza bua. Alikuwa msichana mrefu, mwepesi wa maneno, na wenzake wote walikuwa wameshapewa mazumari wakati yeye bado anahangaika na kikombe kama mtoto anayekunywa dawa. Mapovu yake yalitoka vizuri, yakapamba moto, kisha kifua chake kikadai haki yake, kinywa kikafunguka, naye akavuta pumzi moja ndefu, tamu. Mwalimu Ngwali alikuwa akipita katikati ya mikeka na mikono yake nyuma. Hakupiga mtu, hakukaripia mtu. Alisimama tu.

"Umekata," alisema.

"Nimepumzika kidogo tu, mwalimu."

"Ukipumzika wewe, nani anapuliza?"

"Hakuna, mwalimu."

"Hakuna," alirudia Mwalimu Ngwali, na sauti yake ilishuka kwa woga wa kweli, si wa kuigiza. "Unalisikia neno hilo? Anza upya."

Mize alianza upya. Aliudhika na kikombe, akaudhika na mpapai ulioota bua lile, lakini hakuwahi kufikiria kuacha, kwa sababu kaka yake Sudi alikuwa Darini. Alipanda wakati Mize akiwa hajui hata kujifunga kanga. Alichokumbuka ni mgongo wake ukiishia ngazini na mama yao akipiga vigelegele huku machozi yanamtoka. Shule ilisema upulizaji ni kwa zamu. Mmoja akishaiva, jambo lililotokea mara chache hata kwa wenye mazumari, anapanda, anapokea sauti, na aliyekuwa juu anashuka kurudi kwao. Familia iliyotoa mtoto ilisubiri, na ikiwa ina mtoto wa pili, basi ilisubiri kwa kumsukuma huyo wa pili. Wala hakukuwa na ubaya wowote uliofichwa. Mambo yalisemwa mchana kweupe, kwa lugha nzuri, na watu walishukuru.

Mama yao, Bi Mkasi, alikuwa akichambua mchele ukumbini mwao Mize aliporudi na kikombe chake. Mchana ulikuwa umesimama palepale ulipokuwa asubuhi. Mji ule ulikuwa na michana ya namna hiyo, isiyosogea mpaka mtu aisahau.

"Umelipata leo?" mama aliuliza bila kuinua macho.

"Bado, mama. Nakata."

"Unakata kwa sababu unajihurumia. Sudi alilipata haraka."

"Sudi ni Sudi."

"Ndiyo. Na huko aliko amechoka." Bi Mkasi alitupa changarawe moja uani. "Atakuwa mtu mzima sasa. Atakuwa ameota ndevu, na mimi sijaziona. Jitahidi, Mize. Ukipanda wewe, yeye atashuka."

"Na mimi nitashuka lini?"

 Vidole vya mama viliendelea kutafuta changarawe, na Mize akaona kwamba mchele ule ulikuwa umeshachambuliwa, safi kabisa, tangu kitambo.

"Atakapopanda mwingine," mama alisema.

"Mwingine nani? Humu ndani tumebaki wangapi?"

"We Mize, maneno mengi yanamaliza pumzi."

Mize alikwenda kukaa nyuma ya nyumba na kikombe chake. Hakumchukia mama yake. Ingekuwa rahisi kama angemchukia. Alielewa vizuri mno: kulikuwa na nafasi moja ya mtoto ndani ya nyumba ile, na mtoto wa kuikalia alishachaguliwa kabla yeye hajajua kujieleza. Aliona wivu, na aliona aibu kumwonea wivu mtu anayeteseka. Tena alimpenda Sudi, au aliupenda mgongo wake, maana ndio aliokuwa nao. Basi akasema moyoni, kama mimi ni wa kutolewa, acha nitolewe vizuri. Akalichovya bua majini.

Pua. Shavu. Pua. Shavu. Usimeze. Hewa hii si yangu, imepita kwa jirani kabla ya kunifikia. Shavu. Nikiitoa inakuwa ya nani? Pua. Anayepuliza ni nani, ni mimi au ni hewa inayotafuta njia ya kupita, ikanikuta nimekaa njiani? Shavu. Ukiacha kujiuliza haitakatika. Pua. Mimi ni Mize binti Mkasi. Shavu. Mimi ni binti Mkasi. Pua. Mimi ni wa Mkasi. Shavu. Mimi ni. Pua. Mimi. Shavu. Pua. Shavu. Pua.

Alipoinua uso, maji yote kikombeni yalikuwa yameruka nje, na bado alikuwa akipuliza. Hakukumbuka kuchoka. Hakukumbuka chochote, na hilo lilimpa raha ya ajabu iliyomtisha baadaye. Kumbe siri ya bua haikuwa mashavuni kama alivyofundishwa. Ilitaka tu mwenyewe asiwepo. Nafikiri kila utawala unaodumu umekaa juu ya siri hiyohiyo, na kila shule nzuri ina mahali inapoifundisha bila kuitaja. Mize hakufikiri hivyo. Alifikiri: Sudi atashuka.

Mwalimu Ngwali alimsikiliza kwa muda mrefu, akampa zumari, akamsikiliza tena. Kisha akasema, "Umeiva," akageuka upande kufuta macho. Bi Mkasi alikuja kwenye ngazi za shule amevaa kanga mpya. Alimkumbatia binti yake, akamkumbatia zaidi ya kawaida, akamwachia haraka. Vigelegele vilimtoka vibovu.

Ngazi za Darini zilikuwa za mawe na hazikuwa za kuaminika. Mize alipanda nyuma ya mwalimu, na alipofika kwenye kona ya kwanza alijiona mdogo, hajui kujifunga kanga, anatazama mgongo unaopotea. Alipofika kona ya pili magoti yalimuuma, ngozi ya mikono ikalegea, akajua bila kuambiwa kwamba yu mzee na ana wajukuu ambao hajawazaa. Kona iliyofuata ilimrudisha kwenye umri wake, lakini haukumkaa sawa, ulimbana kwapani. Alitaka kuuliza kama kila apandaye huona hivyo, ila mwalimu ndiye aliyesema kwanza.

"Sikiliza, Mize. Huko juu kuna sharti moja. Wapulizaji hawaamkiwi."

"Hata kaka yangu?"

"Juu hakuna kaka. Yupo Mpulizaji. Humwamkii, humwiti jina, humpi pole. Unakaa, unaipokea sauti, basi. Huo ndio ukarimu wetu kwao, tusiwasumbue."

"Mwalimu, wewe ulipopanda kupuliza uliona umri wako ukibadilika?"

Ngwali alisimama kidogo. Alishika ukuta.

"Mimi sikupanda kupuliza," alisema. "Mimi nilikuwa nakata. Ndiyo maana nikawa mwalimu."

Mlango ulifunguka, na Mize akaelewa kwa nini sauti ile ilikuwa nene vile. Alitarajia mtu mmoja. Aliona ukumbi mrefu, mrefu kuliko shule yenyewe, na ndani yake watu wamekaa kwenye vigoda, safu kwa safu, kila mmoja na zumari lake, mashavu yamejaa, macho yamefunguka lakini hayaangalii. Wa mbali kabisa walikuwa na mavazi ambayo hakuna tena anayejua kuyashona. Walikuwapo wanawake na wanaume, na wengi walikuwa watoto. Wote walipuliza sauti ileile moja. Kwenye mwisho wa safu ya mwisho, jirani na mlango, alikaa mvulana mwembamba mwenye kovu juu ya jicho, na kando yake kigoda kitupu, kimefutwa vumbi.

"Nani huyu?" Mize aliuliza, ingawa kifua chake kilishajua.

"Mpulizaji wa kabla yako."

"Huyu ni mtoto."

"Hali haizeeshi."

Mvulana yule angeweza kuwa mdogo wake Mize. Angeweza kupita chini ya mkono wake bila kuinama. Ndevu ambazo mama alizilia hazikuwahi kuota. Mize alimtazama Sudi, akatazama safu ya nyuma yake, na ile ya nyuma zaidi, na hasira ikampanda polepole kutoka miguuni.

"Mwalimu, zamu iko wapi? Mlisema anayepanda anampokea aliye juu, na aliye juu anashuka."

"Ndivyo inavyotakiwa."

"Mbona hawajashuka?"

"Hakuna aliyewazuia," alisema Ngwali, na ilionekana wazi kwamba alisema kweli, na kwamba ukweli huo ulikuwa umemnyima usingizi maisha yake yote. "Mlango haufungwi kwa ufunguo. Mpulizaji mpya akikaa, wa zamani yuko huru kuacha. Lakini hawaachi. Niliwafundisha kuanza, nikawafundisha kuendelea. Kuacha sikuwafundisha. Somo hilo halimo katika masomo yetu. Na ungelifundishaje, binti yangu, mahali ambapo kuacha ndilo kosa pekee?"

Basi ikawa hivyo. Hapakuwa na mfalme mkatili wala askari mlangoni. Palikuwa na watu waliojifunza vizuri mno. Mize aliwaza kuhusu mama yake na mchele wake safi, akawaza kwamba yeye akikaa pale, Bi Mkasi atasubiri ngazini na mikono yake mitupu, atasubiri mpaka wajukuu wa jirani wapande, na watoto wake wote wawili watakuwa hapa bega kwa bega, hawajuani. Aliogopa. Aliogopa zaidi kwa sababu zumari lililokuwa mkononi mwake lilianza kumwita, midomo yake ikalowa mate yenyewe, na kile kigoda kilionekana kizuri kukalia.

Hakujua afanye nini. Akafanya alichofundishwa kabla hajafundishwa chochote kingine. Mbele yake alikuwapo aliyemtangulia kuzaliwa. Alikunja magoti kidogo, msichana mrefu mbele ya mvulana mfupi, akasema:

"Shikamoo, kaka."

"Hawaamkiwi!" Mwalimu Ngwali alimshika mkono. "Nimekwambia hawaamkiwi!"

Lakini shikamoo ilikuwa imeshatoka. Kila mtu aliyelelewa anajua uzito wa shikamoo isiyojibiwa. Inabaki hewani, inamchoma aliyeitoa na kumchoma zaidi aliyeelekezewa. Mdeni huijibu huku akikwepa, mgomvi huku amenuna, na mgonjwa mahututi hutafuta walau kutikisa kichwa. Mize alibaki amekunja magoti yake akisubiri. Macho ya Sudi, yaliyokuwa yakitazama pasipo kitu, yalitikisika. Jasho lilimtoka kwenye kovu. Pua yake iliiba pumzi, mashavu yakajaa, mashavu yakasita. Kitu kilichokuwa ndani sana, ambacho mama yake alikitia kabla ya bua na kikombe, kilikuwa kinapanda kuja juu, kinagombania kinywa kimoja na zumari.

Midomo yake ilibanduka kwenye kisahani cha bati.

"Marahaba," alisema Sudi.

Sauti ya zumari lake ilikosekana katikati ya zile nyingine. Mapaa hayakuanguka. Lakini safu nzima iliyokuwa karibu ilitetemeka, na macho kadhaa yakageuka kuelekea mlangoni, yakiwa na njaa ya ajabu, kisha yakarudi yalikokuwa. Sudi alivuta pumzi kwa kinywa wazi, akashtuka kana kwamba amemwagiwa maji, na mikono yake ikarudisha zumari haraka mdomoni. Mize aliwahi kulinyakua.

"Nipe," alisema Sudi.

"Twende nyumbani, kaka."

"Nipe. Wananisubiri."

"Nani anakusubiri?"

Alitafakari. Ilimuumiza kutafakari. "Sijui. Nipe."

Mize alimsukumia Mwalimu Ngwali zumari lake mwenyewe, lile jipya, akageuka, akashuka ngazi akilikumbatia lile la Sudi. Hakumwita amfuate. Alisikia tu nyayo nyuma yake na sauti nyembamba inayorudia nipe, nipe, nipe, akajua kwamba kaka yake hafuati dada wala nyumbani, anafuata mti wenye matundu. Aliumia, lakini aliendelea kushuka. Alipogeuka mara moja kwenye kona, kupitia mlango uliobaki wazi alimwona Mwalimu Ngwali amekaa juu ya kigoda kitupu, amelishika zumari jipya kwa mikono miwili, anajaribu kuziba pengo. Alipuliza, akakata. Akapuliza, akakata. Machozi yalikuwa yakimdondoka kwenye kisahani cha bati.

Njiani watu walikuwa wamesimama. Muuza mihogo alikuwa amelishika sinia lake kwa mikono yote miwili, kwa ngojangoja ya mtu asiyejua anangoja nini. Mwanamke mmoja aliangalia juu, akajipapasa masikio, akamwuliza mwenzake kama hewa imepungua au ni yeye tu. Mwenzake akamwambia hewa ni ileile, labda hajala. Mize na Sudi walipita katikati yao, mmoja mbele, mmoja nyuma, mkono wa nyuma umenyooshwa, na hakuna aliyewaita.

Bi Mkasi alikuwa jikoni, anapika kwa kuni. Aliinua uso akamwona binti ambaye hakupaswa kuwapo, na nyuma yake mvulana wa umri uleule aliopotea nao. Mwiko ulimwanguka. Hakuuliza ndevu ziko wapi. Alimrukia, akapiga magoti, akambana kifuani, akamnusa kichwa, akasema jina lake mara nyingi bila mpangilio. Lakini juu ya bega la mama mkono wa Sudi ulikuwa bado umenyooka kumwelekea Mize, vidole vinafunguka na kufumba.

"Nipe," alisema Sudi. "Nipe. Nipe."

"Anataka nini?" mama aliuliza. "Mize, anataka nini? Mpe basi. Mpe, atulie."

"Nikimpa atatulia, mama," alisema Mize. "Atatulia hapahapa mbele yako, na hutampata tena."

"Mtoto ananitetemekea mikononi! Mpe!"

Mize alilitazama zumari. Lilikuwa na joto la kinywa cha Sudi. Angeweza kumpa. Angeweza pia kuliweka mdomoni mwake, hata sasa, apulize mpaka asiwepo, na asimsikie tena mama yake akimwamuru ampe mwingine alichotaka. Mashavu yake yalikuwa yameshaanza kujaa. Akapiga hatua mpaka mekoni, akalisukuma zumari katikati ya kuni, akaokota mwiko, akalikandamiza nao mpaka ulimi wa ukindu ukashika moto.

Sudi alifungua kinywa, na kilichotoka hakikuwa sauti ya Darini. Alilia. Alilia vibaya, kwa kukwama, anavuta pumzi kwa kishindo, anaishiwa, ananyamaza, anaanza tena kutoka mahali pengine. Kila aliponyamaza mwili wake ulishtuka ukidhani umekufa, na kila alipoona haujafa alilia zaidi. Bi Mkasi hakuwahi kusikia kilio chenye mapengo makubwa namna ile. Mwanzo alitaka kumziba mdomo. Kisha akamwacha.

Dirisha la jirani lilifunguka kwa nguvu, na Bi Salme, ambaye hakupitwa na jambo la mtu, akatoa kichwa.

"Bi Mkasi! Nani huyo analia hivyo?"

Bi Mkasi alitazama kichwa kilichokuwa kifuani pake. Halafu akamtazama msichana mrefu aliyesimama kando ya moto na mwiko mkononi, akamtazama kwa muda, kama mtu anayetafuta jina la mtu anayemjua sana. Akanyoosha mkono wake uliobaki mtupu, akamvuta kwa upindo wa kanga mpaka akaanguka karibu nao.

"Wanangu," alijibu. "Wote wawili."

Hapo ndipo Mize alipojua kwamba na yeye alikuwa akilia.